Siyo Ngoma, Siyo Unga, Siyo Mkorogo: Muacheni Dada wa Watu na Ngozi Yake

Wadau wa Insta, ile picha mmeiona. Msijifanye. Yule mrembo wa video za Bongo Fleva, jina lake linabaki kapuni, alikwenda kwenye kicheni pati ya shoga yake na gauni la mikono mifupi. Mtu akampiga picha kwa simu ya kawaida, hakuna filta, hakuna kusafishwa, mwanga wa simu unampiga usoni. Kufika asubuhi picha imeshazunguka kurasa zote za umbea, imechorwa miduara myekundu. Hapa begani madoa meusi, hapa juu ya mkono vidonda vyenye vigaga, hapa kidevuni poda imejaa kama ukuta uliopigwa plasta jana.

Kesi ikaanza kusikilizwa. Mahakimu walikuwa wengi na hukumu walikuja nazo mfukoni. Wa kwanza akasema ngoma hiyo. Wa pili akasema unga, maana mateja ndiyo hujikwangua hivyo. Wa tatu akasema mkorogo umemgeukia. Mwingine akaleta habari za mke wa mtu na mganga wa Sumbawanga, tena kwa maelezo marefu kama vile alikuwepo wakati dawa inachanganywa.

Siku mbili baadaye dada wa watu akaingia laivu bila mekapu. Akasema kwa kifupi tu: hana ugonjwa wa kuambukiza, hatumii chochote, ni mikono yake mwenyewe. Anajichuna ngozi. Alianza akiwa kidato cha pili chunusi zilipomtoka, na mpaka leo ameshindwa kuacha. Basi. Hata dakika nne hazikufika.

Ungedhani watu wangenyamaza. Wapi! Eti ni kiki, ana wimbo unatoka. Eti si uache tu dada, kwani hiyo mikono ni ya nani? Na mmoja akatoa ile iliyochekesha mji mzima, kwamba zamani alikuwa anachuna mabuzi, sasa mabuzi yameisha anajichuna mwenyewe. Utani ulikaa, tusidanganyane. Ila mtu alikuwa amesema ukweli kuhusu mwili wake mbele ya maelfu ya watu, na ukweli huo ukatemwa kama makapi ya muwa.

Basi isemwe hapa wazi. Alichokitaja yule dada ni ugonjwa, upo, una jina, na haukuanza na Insta. Wataalamu wanauita dematilomania. Daktari wa ngozi wa Uingereza, Erasmus Wilson, aliandika habari zake mwaka 1875. Mwaka 1898 Mfaransa Louis Brocq akaeleza wasichana waliokuwa wakitumbua chunusi mpaka sura zinaharibika, na huko Ufaransa wakati huo hapakuwa na filta wala video za Bongo Fleva. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuingiza rasmi kwenye kitabu chake cha kutambulia magonjwa mwaka 2013, kikauweka kwenye kundi moja na OCD. Shirika la Afya Duniani nalo linautambua kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika Januari 2022. Yaani hiki siyo kitu alichokitunga mtu akiwa laivu saa tatu usiku.

Tafiti nyingi zimefanyika nje na makadirio yake yanapishana, yanatembea kati ya mtu mmoja na watano katika kila mia. Chukua wawili tu. Ukurasa wa umbea wenye wafuasi laki moja una watu 2,000 wa namna hii, wanasoma kimya kimya kile kinachoandikwa juu ya yule mrembo, huku wamevaa mikono mirefu.

Inavyokuwa ni hivi. Mtu karudi kutoka kwenye shutingi saa mbili usiku, kachoka, anaingia bafuni kutoa mekapu. Kidole kinapita shavuni, kinakuta kitu. Kijipele, au kigaga cha juzi, au hata siyo kitu, ni kitundu cha kinyweleo tu. Mtu mwingine angepita zake. Kwake yeye pale pamekuwa kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Anasogea kwenye kioo, anawasha taa. Anajiambia hiki kimoja tu, kitoke, pawe laini, nikalale. Kikitoka anapata raha fulani ya sekunde chache, mwili kama umeshusha pumzi. Pembeni yake kuna kingine. Akija kushtuka ni saa nne na nusu, maji kwenye ndoo yamepoa, simu imeita mara sita haijapokelewa, kidevu kinavuja damu, na kesho saa moja asubuhi anatakiwa mbele ya kamera.

Hiyo ni ya kwenye kioo, ambayo mwenyewe anaiona ikitokea. Kuna nyingine ambayo haioni kabisa. Yuko kwenye daladala, foleni ya Ubungo haisogei, au kakaa anaangalia tamthilia ya Kituruki. Mkono mmoja unapanda wenyewe, unatembea begani, unatafuta. Anakuja kujua pale anapoona damu kwenye kucha. Wengi wanazo zote mbili.

Baada ya hapo inakuja aibu, na aibu ndiyo inayokula muda kuliko hata kujichuna kwenyewe. Kuosha kidonda. Kutafuta fundesheni inayoshika juu ya ngozi mbichi. Kukataa kwenda kuogelea na wenzake Kigamboni. Kuvaa mikono mirefu Februari ndani ya jiji hili, halafu kuambiwa anajifanya mcha Mungu. Kuzima taa kabla mpenzi hajaingia chumbani. Mtu anaweza kuishi miaka kumi hivyo na nyumbani kwao hakuna anayejua, wanadhani dada yao anapenda tu kukaa bafuni.

Na ngozi nyeusi ina jambo lake. Ikijeruhiwa, hata kama kidonda kimefunga ndani ya wiki, hubaki na doa jeusi linalokaa miezi, wakati mwingine hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo ile picha ya kicheni pati haikuonyesha mwili wa siku ile. Ilionyesha doa la Pasaka, doa la Idi, doa la siku aliyoachwa, na kidonda cha juzi, yote kwa pamoja. Mtu anayetazama anadhani mwili mzima umelipuka usiku mmoja, ndiyo maana anakimbilia kwenye ngoma.

Tuwe wa haki lakini. Ni kweli kuna magonjwa mengine yanayofanya mtu ajikune mpaka anachubuka: upele, pumu ya ngozi, kisukari, matatizo ya figo na ini. Virusi vya Ukimwi navyo vinaweza kuleta vipele vinavyowasha sana. Na baadhi ya dawa za kulevya zinamfanya mtu ajikwangue. Ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopimwa kwa kuvuta picha karibu kwa vidole viwili. Virusi vinapimwa kwa damu, kisukari kinapimwa kwa damu. Mpimaji wa Insta anapima kwa bando la shilingi 500.

Hilo la "si uache tu" ndilo linalouma zaidi, kwa sababu mwenyewe amelisema mara nyingi kuliko watu wote. Amekata kucha. Amevunja kioo. Ameapa kwa jina la marehemu bibi yake. Ameacha siku kumi na moja, siku ya kumi na mbili akapokea simu mbaya kutoka kwa meneja, akaingia bafuni. Anaweza kujizuia, ndiyo, kama unavyoweza kuzuia chafya. Muda kidogo, huku mwili wote umejikaza kwa hiyo kazi moja. Kumwambia aache ni kumpa taarifa ambayo anayo tangu kidato cha pili.

Sasa hapo ndipo OCD inapoingia, na hapo pia pana fujo. Siku hizi kila mwenye kabati la viatu lililopangwa kwa rangi anaposti eti ana OCD. Mtu kafuta meza mara mbili, ana OCD. Hapana, huyo ni msafi tu, na hongera zake. Kuna mtangazaji mmoja wa redio, naye kapuni, ambaye wenzake walimpa jina la Mwenye Gesi. Anatoka kwake Mbezi kwenda kazini, akifika Mwenge anageuza bodaboda arudi kuangalia kama mtungi umefungwa. Umefungwa. Anatoka tena, anarudi tena. Anapiga picha kitasa cha mtungi kwa simu ili awe na ushahidi, halafu akiwa njiani anaanza kuwaza huenda picha ni ya jana. Kichwani mwake anaiona nyumba inaungua na mama yake yumo ndani. Anajua kabisa kuwa ni upuuzi, na kujua huko hakumsaidii chochote. Alishachelewa kipindi mara kadhaa, kazini wakasema anaringa, umaarufu umempanda kichwani. Nauli za boda alizolipa mwaka huo zingenunua jiko la umeme.

Hiyo ndiyo OCD. Wazo linaloingia bila hodi, na kitendo ambacho mtu anarudia ili wazo litulie, nalo halitulii.

Watu wa pwani hili wanalijua tangu zamani. Neno lenyewe wasiwasi limetoka kwenye Kiarabu, na misikitini kuna mtu ambaye kila mmoja anamfahamu: anatawadha, anaona hajapatia, anaanza upya, anarudia tena, rakaa ya kwanza imempita bado yuko bombani. Masheikh walishamwambia asiufuate wasiwasi, amalize mara yake aende zake. Na ukiangalia vizuri, tiba ya OCD ya siku hizi inapita karibu na njia hiyohiyo. Mgonjwa anasogezwa kidogo kidogo kwenye kile anachokiogopa, akiwa na mtaalamu, anasaidiwa kukaa bila kurudia kile kitendo, mpaka hofu inyauke yenyewe. Zipo na dawa za hospitali zinazosaidia wengi.

Kujichuna na OCD ni binamu, siyo pacha. Mwenye OCD anasukumwa na hofu. Anayejichuna anavutwa na kitu kingine, kile cha kutaka ngozi iwe laini, kile cha kutua mzigo wa siku, wakati mwingine kukosa tu cha kufanya na mikono. Wengine wanabeba vyote viwili kwa wakati mmoja, na ni watu wa kawaida kabisa wanaofanya kazi zao. David Beckham alisema hadharani mwaka 2006 kwamba ana OCD, kwamba makopo ya soda kwenye friji yakizidi moja inabidi alihamishie kabatini. Hakuna Mbongo aliyemwita mwehu. Wengi waliona ni mambo ya mastaa wakubwa. Dada wa Sinza akisema la kwake, anaambiwa apelekwe Mirembe, kama vile Mirembe ni tusi na siyo hospitali.

Halafu kuna kitu kinachostahili kuangaliwa vizuri kwenye ile picha, nacho hakimo ndani ya picha. Ni wale walioitazama. Mtu yuko kitandani saa sita usiku, anapitisha kidole kwenye skrini, anaona picha ya mrembo. Anaivuta karibu. Anatafuta. Anakuta doa, anapiga skrinishoti, anazungushia duara, anamtumia mwenzake, anarudi kutafuta lingine. Anajiambia moja tu halafu nalale. Akija kushtuka ni saa nane. Anaona aibu? Haoni, kwa sababu ngozi siyo yake. Lakini kazi ya kidole ni ileile, na tofauti ni kwamba yule wa bafuni ana ugonjwa na huyu wa kitandani ana bando.

Na anachokifanya kinarudi kwa mhusika moja kwa moja. Presha na aibu ndiyo kuni za ugonjwa huu. Kila duara jekundu linampeleka kwenye kioo akahakikishe, na kwenye kioo ndiko moto uliko. Kwa hiyo wale waliosema wanamsema "ili ajirekebishe" walikuwa wanamsukuma bafuni kwa mikono yao. Inasemekana tangazo la losheni alilokuwa acheze limeshapewa mrembo mwingine mwenye ngozi ya kikombe. Labda biashara ni biashara. Ila kampuni inayouza mafuta ya ngozi ikimkimbia mtu kwa sababu ya ngozi, nayo ichekwe kidogo.

Wapo wanaosema staa anakula kwa sura, basi sura yake ni mali ya umma. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Wimbo ukiwa mbovu usemwe ni mbovu. Video ikiwa imeibwa wazo, isemwe. Hata gauni la siku ile, kiukweli fundi alikuwa na haraka, na hilo lisemwe pia. Hayo ni mambo aliyoyachagua akayaleta sokoni. Kidonda hakukichagua, na amejaribu kwa kila njia asikilete sokoni. Mwingine ndiye aliyekileta.

Baada ya laivu ile likaja kundi la pili, nalo ni la kuogopwa kuliko wale wa matusi: wenye dawa. Seramu ya kufuta madoa ndani ya siku saba. Sabuni ya asili. Krimu isiyokuwa na jina, imejazwa kwenye kopo la krimu nyingine. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania lakini vinauzwa inboksi kama karanga. Krimu za steroidi zikipakwa ovyo zinaifanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi nyembamba kwa mtu anayejichuna ni kama kumpa kuku mahindi umwambie asidonoe. Tena hata kama madoa yangefutika yote kesho asubuhi, mikono bado ipo na bafu bado lipo.

Kinachosaidia ni cha polepole na hakina picha nzuri ya kabla na baada. Kuna mafunzo ya kubadilisha mazoea ambayo wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, waliyaeleza mwaka 1973. Kwanza mtu anajifunza kuujua mkono wake: unapanda saa ngapi, akiwa wapi, akiwa na hisia gani, unaanzia begani au kidevuni. Wengi wanashangaa hapo, maana hawakuwahi kujua kwamba ni jioni tu, au ni baada ya simu za mama. Pili anaupa mkono kazi nyingine pale unapoanza kupanda: kukunja ngumi dakika moja, kushika kitu, kusuka, kuhesabu tasbihi. Tatu anapunguza mitego. Taa ya bafuni isiwe kali, kioo cha kukuza kitolewe ndani ya nyumba, kucha ziwe fupi, vidonda vifunikwe plasta ili kidole kikifika kisikute kitu cha kubandua. Mekapu itolewe chumbani, mlango wazi, mtu mwingine yupo.

Zipo na dawa. Watafiti wa Chicago walichapisha mwaka 2016 jaribio la watu 66 kwa kidonge kinachoitwa N-asetilisisteini. Karibu nusu ya waliokitumia walipata nafuu kubwa, dhidi ya mmoja katika watano kwa wale waliopewa kidonge kisichokuwa na kitu. Ni jaribio moja, watu wachache, na siyo ruhusa ya kuagiza makopo mtandaoni. Ni jambo la kumuuliza daktari.

Na daktari yupo. Muhimbili kuna kliniki ya akili, watu wanaingia na kutoka wakiwa na laptopu zao. Dodoma ipo hiyohiyo Mirembe. Moshi, KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi. Wengi wenye tatizo hili huanzia kwa daktari wa ngozi, na siyo vibaya, vidonda vinahitaji kutibiwa na yale magonjwa mengine yanahitaji kuondolewa kwenye orodha. Shida ni kwamba wakifika pale wanaona aibu. Wanasema vimetoka vyenyewe. Wanasema ni mbu, ni joto, ni maji ya kisima. Daktari anaandika dawa ya fangasi, mgonjwa anarudi nyumbani na tyubu ya nne mwaka huu.

Ukifika chumba cha daktari, kabla hajashika kalamu, sema tu kama yule dada alivyosema laivu: najichuna mwenyewe, nashindwa kuacha. Pale ndani hakuna wa kupiga skrinishoti.